Kiitikio Kilichofundishwa Kunyamaza

Kila asubuhi, kabla Maktaba ya Karakana haijafunguliwa, Nyamizi aliiandaa kaunta kwa mpangilio uleule. Alizifuta mbao zake kwa kitambaa kikavu. Akawasha njia za vitoroli, akasikiliza vinavyogonga reli zao nyembamba kule nyuma ya rafu, kimoja baada ya kingine, kama treni za watoto zinazoamka. Halafu akaliinamia duara la shaba lenye matundu, dogo kama kisosi, lililopachikwa katikati ya kaunta, akasema nusu ya sentensi.

"Naomba kile kitabu cha kufuga..."

"Nyuki wadogo wasiouma," duara likamalizia. "Kinakuja, mwanangu."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anatamani kufuga nyuki. Ila juzi aliuliza habari za asali, na wiki iliyotangulia aliulizia miti inayochanua kiangazi, na Kiitikio, ndivyo ilivyoitwa mashine ile, kilikuwa kimeyaweka hayo mawili pamoja. Kitoroli kikajitokeza kikiwa na kitabu mgongoni, kikasimama mbele yake kwa adabu. Nyamizi akajikuta anatabasamu peke yake. Mbele za watu alikuwa mtu wa kutazama viatu vyake. Kwa mashine hii, aliyoibuni mwenyewe tangu msumari wa kwanza, alitembea kifua mbele.

Sauti ilikuwa ya Bi Mwasiti, msimamizi wa maktaba. Siku za ujana wake alikuwa mtangazaji wa stesheni, na rekodi zake za kuwataarifu abiria juu ya treni zinazokaribia ndizo Nyamizi alizozitumia kukifundisha Kiitikio kusema. Bi Mwasiti alipenda kukaa karibu na kaunta ajisikie. Alidai kwamba yeye amezeeka peke yake, sauti yake imekataa kumfuata.

Milango ilipofunguliwa, wa kwanza kuingia alikuwa Maganga Kasubi, fundi wa breki za treni, ambaye mji mzima ulimwita Baba Kalunde. Alikuwa mrefu, mwenye koti la kazi la bluu lisilomtoka hata jua likiwaka, na kigugumizi alichozaliwa nacho. Zamani mkewe ndiye aliyemsemea. Mkewe alipofariki, binti yao wa pekee, Kalunde, akairithi kazi hiyo angali mtoto, akawa anaongea na wauza duka na majirani huku baba amesimama nyuma yake akitikisa kichwa. Sasa Kalunde alikuwa anaolewa Jumamosi, na mumewe alikuwa anampeleka mbali, ziwani. Hilo nalo mji mzima ulilijua.

Nyamizi akamwamkia. Baba Kalunde akaitikia marahaba yake fupi, akaweka kitabu juu ya kaunta, kimeandikwa Hotuba za Harusi na Shughuli Zake, kisha akaliinamia duara.

"Nataka kitabu cha..."

"Hotuba za harusi," Kiitikio kikasema kwa uchangamfu. "Umekirudisha sasa hivi, Baba Kalunde. Nikupe tena, au nikupe kingine chenye hotuba ndefu zaidi?"

Hapo asubuhi ya Nyamizi ikakatika. Baba Kalunde alianza kuvua koti lake, kifungo kwa kifungo, bila haraka. Akalitandaza juu ya duara, akalikandamiza pembeni mpaka kila tundu likazibwa.

"Baba Kalunde," sauti ya Bi Mwasiti ikasikika chini ya kitambaa, "umenifunika mdomo."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia Nyamizi, taya likimcheza, mshipa wa shingo umesimama.

"Si... si..."

Nyamizi roho ilimuuma. Alimwona mtu anazama, na yeye yuko ukingoni na kamba mkononi. Angefanyaje?

"Si toleo hili," akamsaidia upesi. "Unataka lile jipya, lenye maandishi makubwa. Au siyo, baba?"

Baba Kalunde akamtazama. Kitu kikazimika usoni mwake bila kelele, kama taa ya stesheni treni ikishapita.

"Ndiyo," akasema.

Akachukua koti lake, akachukua kitabu cha maandishi makubwa, akatoka. Kwenye kumbukumbu za mfumo, shughuli ile iliingia kama nyingine zote: msomaji amepata kitabu, ameridhika.

*

Kabla ya Kiitikio, maktaba ilikuwa na programu ya kioo cha kompyuta, na watu waliichukia kwa moyo mmoja. Ulisimama mbele yake ukaulizwa jina la mwandishi, mwaka wa kuchapwa, aina ya kitabu, na ukikosea herufi moja ikakujibu kwamba hakuna kilichopatikana, hata kama kitabu chenyewe unakiona kwa macho yako kwenye rafu. Wengi walikuja mara moja tu. Nyamizi aliporudi kutoka chuoni na shahada ya usanifu wa violesura, yaani ile sehemu ya programu inayokutana na mtu ana kwa ana, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa ruhusa ya kukibandua kile kioo ukutani.

Wazo la kitakachokaa mahali pake alilipata kwenye darasa la kwanza alilofundisha mama yake. Nani hajapita mikononi mwa mwalimu wa namna ile? Anasema, "Ng'ombe hutupatia ma..." na darasa zima linapaza, "Ziwa!" Mhubiri hufanya hivyo, mshereheshaji hufanya hivyo, hata mgombea jukwaani. Mtu anaacha pengo, wenzake wanalijaza, na maneno yanakuwa ya wote. Nyamizi akaunda mashine ya kujaza pengo.

Alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuiandika kwenye mradi. Siku ya kuutetea mradi wake mbele ya walimu wa chuo, maneno yalimkaukia katikati ya sentensi, akabaki amesimama akisikia feni inavyozunguka. Mwanafunzi mwenzake wa viti vya nyuma akammalizia. Nyamizi alihisi kama amepewa maji akiwa na kiu ya siku tatu. Tangu hapo aliweka nia kwamba kila mwenye aibu apate maji yale.

Kwa hiyo Kiitikio kilimtambua kila msomaji kwa sauti, kilikumbuka aliazima nini, kilisikia matangazo ya mji, misiba na harusi na mvua, na kilipima ukimya. Nyamizi aliita kipimo hicho kizingiti. Msomaji akinyamaza theluthi ya pumzi, kizingiti kimevukwa, na Kiitikio kinamalizia. Foleni zilizokuwa zikifika kwenye geti la zamani la karakana ziliyeyuka. Sifa zikasafiri. Baraza la Vitabu likaandika kwamba mjumbe wake, Bwana Ndimbo, atafika Ijumaa na saa ya kupimia. Sharti lilikuwa moja: msomaji ahudumiwe ndani ya sekunde kumi. Likitimia, Kiitikio kitawekwa katika kila maktaba ya nchi. Kilikuwa kinahudumia kwa sita.

Mchana ule, kaunta ilipotulia, Nyamizi aliomba waisikilize rekodi ya Baba Kalunde. Mbunifu aliruhusiwa kufanya hivyo pale tu anapotafuta kasoro, na msimamizi akiwepo. Bi Mwasiti akavuta kiti na bakuli lake la karanga.

Walimsikia Baba Kalunde wa jana, na wa siku ya kabla yake, na wa kabla ya hapo. "Nataka kitabu cha..." kisha hotuba za harusi, kisha "ndiyo." Kila mara alikirudisha asubuhi iliyofuata.

"Mtu anaazima kitabu kilekile na hakisomi," Nyamizi akasema polepole. "Anatafuta nini?"

"Anatafuta kingine," Bi Mwasiti akajibu huku akimenya karanga. "Hajapewa nafasi ya kukitaja."

"Lakini anasema ndiyo. Sikiliza, hata hakwami."

"Ndiyo maana. Mtu aliyemaliziwa maneno tangu utotoni, hilo ni neno pekee analolitoa bila kukwama."

Nyamizi akarudisha rekodi nyuma, akaanza kuwasikiliza wengine aliokuwa amewahesabu kuwa wameridhika. Mama mmoja alitaka kitabu cha kitu fulani, akapewa mapishi, akasema, "Haya, mapishi." Kijana mmoja akapewa kanuni za mpira, akasema, "Sawa tu." Zile "haya" na "sawa tu" zilikuwa zimekaa kwenye kumbukumbu muda wote, na yeye alikuwa akizihesabu kama ushindi. Rekodi ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile. Chini ya koti, kwa mbali, akasikia sauti ya mtu mwingine ikimmalizia Baba Kalunde, laini, yenye haraka na huruma tele. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Hakula mchana huo. Alimwandikia Baba Kalunde ujumbe, akamwomba radhi, akamwambia aandike tu jina la kitabu na kitapelekwa mpaka mlangoni kwake. Jibu lilikuja jioni.

"Ahsante mwanangu. Nitakuja kukitaja mwenyewe."

*

Jumatano Nyamizi aliondoa kizingiti kabisa. Kiitikio kisimmalizie mtu yeyote. Kisubiri mpaka msomaji afike mwisho kwa miguu yake.

Kulipopambazuka vizuri akaingia Tausi, msichana wa chuo cha uuguzi, ambaye kila wiki alikuja na kuondoka bila kumsumbua mtu. Nyuma yake walipanga foleni wanaume wawili wa karakana na shemasi mmoja.

"Nataka kitabu cha magonjwa ya..." Tausi akasema, akaacha hapo, kama alivyozoea.

Kiitikio kikanyamaza. Tausi akalitazama duara. Shemasi akakohoa. Wanaume wale wawili wakaacha mazungumzo yao, na sasa ukumbi wote ukawa unasikiliza ni magonjwa ya nini. Masikio ya Tausi yakaiva. Akasema kwamba atarudi siku nyingine, akakumbatia mkoba wake, akatoka kwa mwendo ambao haukuwa kukimbia lakini ulikuwa unaelekea huko.

Nyamizi aliujua mwendo ule. Ulikuwa wake.

Sasa akakwama kweli. Ukimya uleule uliokuwa heshima kwa mmoja ulikuwa shimo kwa mwingine. Akiurudisha ulimi wa Kiitikio, Baba Kalunde anabaki na koti lake mkononi. Akiukata, wanaobaki bila maji ni watu kama yeye, wale ambao mashine iliundwa kwa ajili yao. Na Kiitikio hakikuona sura. Kilisikia ukimya tu, na ukimya haujaandikwa jina la mwenyewe.

Bi Mwasiti alikuwa na dawa nyepesi. Kwenye kumbukumbu ya Baba Kalunde iwekwe alama, na kwa kila mwenye kigugumizi, ili Kiitikio kijue cha kumsubiri nani.

"Nimwekee alama, Bi Mwasiti? Kama kifurushi cha vyombo vya kuvunjika?"

"Hataiona."

"Nitaiona mimi," Nyamizi akasema, akaangalia viatu vyake.

*

Alhamisi mchana alimpelekea mama yake chakula shuleni, kama alivyofanya siku ambazo mama alikuwa na zamu. Darasa lilikuwa bado linaendelea. Akasimama nje ya dirisha na hotipoti yake mkononi.

"Jua huchomoza masha..." mama akasema ndani.

"Riki!"

"Na huzama magha..."

"Ribi!"

Nyamizi akatabasamu bila kupenda. Kisha mama akamwinua mtoto mmoja aeleze mvua inatoka wapi. Mtoto akaanza vizuri, mvuke ukapanda, mawingu yakafika, halafu akakwama. Alisimama na mdomo wazi. Nyamizi alijiona anabana hotipoti. Darasa lilikuwa na watoto sitini waliokuwa wametoka kujaza mapengo kwa kelele zao zote, na jibu walikuwa nalo, lilionekana linawawasha kwenye ndimi. Hakuna aliyelitoa. Mama hakuwakataza. Alisema tu, chini kwa chini, "Enhe," akaendelea kumtazama mtoto. Mtoto akapumua, akayatafuta matone ya mvua mpaka akayapata.

Walijuaje?

Nyamizi alibaki pale dirishani mpaka kipindi kikaisha, akiyasikiliza mapengo yote. Mama yake, kila alipotaka kujaziwa, sauti yake ilipanda. Silabi ya mwisho ilinyooshwa juu kidogo, ikaachwa hewani kama mkono unaongoja kupokewa. Sauti ya mtoto aliyekwama haikupanda. Ilibaki pale ilipokuwa, imejikaza. Pengo la mama lilikuwa mlango ulioachwa wazi. Pengo la mtoto lilikuwa mlango ambao mwenyewe bado anausukuma. Watoto wa miaka saba waliutambua huo na huu, na hakuna aliyewafundisha. Nchi nzima ilijua. Yeye, mwenye shahada yake, alikuwa ameichukua desturi ile nusu. Alichukua kujaza, akasahau kwamba kwanza lazima mtu akuachie.

Alimkabidhi mama yake hotipoti mlangoni, akaondoka kabla hata ya kuulizwa za kazini.

*

Mabadiliko yenyewe hayakuwa makubwa. Mengi mazuri huwa hivyo. Kazi iko kwenye kujua pa kugusa. Kiitikio kiliacha kupima urefu wa ukimya na kuanza kupima kinachoutangulia: je, silabi ya mwisho imepanda au imekaa? Pumzi imetolewa au imezuiliwa? Ikiwa sauti imepanda na pumzi imetoka, kimalizie. Ikiwa imejikaza, kingoje, na ukimya ukirefuka mno kiseme "enhe" moja ya chini, ili mtu ajue hajaachwa peke yake. Hiyo "enhe" ilibidi irekodiwe upya, maana mtangazaji wa treni hakuwahi kuihitaji. Bi Mwasiti aliitoa mara ya kwanza kama anaita mwizi. Waliirudia hadi ikalainika.

Jioni ileile Tausi aliombwa arudi kujaribu, ukumbi ukiwa mtupu. Hakuelezwa chochote zaidi ya kwamba aseme kama alivyozoea kusema.

"Nataka kitabu cha magonjwa ya ziii..."

"Naa," Kiitikio kikamnong'oneza. "Kinakuja, na kimefunikwa jalada la bluu lisilo na jina."

Tausi akaziba mdomo kwa kicheko. Alipotoka alikuwa amekibeba kitabu mkononi, wala hakukiingiza kwenye mkoba.

Nyamizi alihisi moyo umemjaa. Siyo ile furaha ya zamani ya kuhesabu sekunde. Hii ilikuwa ya fundi aliyepachika mlango ukafunga bila kuguswa na randa tena: hakuna wa kufundishwa kuutumia, hakuna bango la kubandika, hakuna alama kwenye jina la mtu.

Bi Mwasiti naye alifurahi, lakini alikuwa ameona saa ya ukutani. Wenye kujaziwa walihudumiwa upesi kama zamani, hata zaidi. Wenye kungojewa hawakuwa na kikomo. Mtu mmoja tu mwenye kusita akitokea mbele ya Bwana Ndimbo, sekunde kumi zimekwenda na maji.

"Nisikilize, bibie," akasema huku akifunga madirisha. "Kesho mwonyeshe kile cha zamani. Mgeni apime, asaini, aondoke. Jumatatu unaweka chako. Nani atajua?"

Nyamizi hakujibu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Mwasiti akauchukua ukimya ule kuwa ni kukubali, akaenda zake nyumbani ameridhika.

*

Bwana Ndimbo alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye sauti ya upole, na saa yake ya kupimia ilikuwa ya fedha yenye kifuniko, ya aina ambayo watu huachiwa na baba zao. Aliketi kando ya kaunta. Kila msomaji alipoinama aliifungua, na kila kitoroli kiliposimama aliifunga. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mama wa mapishi alikuja, akaanza, akajifikiria kidogo bila kuharakishwa, na ikawa kwamba siku zote alikuwa akitaka kitabu cha kushona viatu. Alicheka mwenyewe alipokipata. Tausi akapita na sentensi yake iliyopanda. Bwana Ndimbo akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamuuliza Nyamizi alisomea wapi. Nyamizi alitaja chuo chake kwa sauti iliyosikika, jambo lililomshangaza hata yeye.

Bi Mwasiti ndiye aliyegundua kwanza. Alisikia "enhe." Akamsogelea Nyamizi, akamkanyaga mguu taratibu chini ya kaunta.

"Umeweka kile kipya," akasema kwa pembe ya mdomo.

"Ndiyo, Bi Mwasiti."

"Si tulikubaliana?"

"Mimi nilinyamaza tu."

Bi Mwasiti alikuwa karibu kusema jambo, lakini mlango wa maktaba ulifunguka, na aliyesimama hapo kwenye mwanga alikuwa Baba Kalunde. Koti la bluu lilikuwa limepigwa pasi. Mkononi alikuwa na Hotuba za Harusi, toleo la maandishi makubwa.

Aliwasalimia wote kwa kichwa. Akakiweka kitabu juu ya kaunta, akakisukumia mbali kidogo, akaliinamia duara. Saa ya fedha ikafunguka.

"Nataka," akasema. "Nataka kitabu cha..."

Sauti haikupanda. Pumzi ilizuiliwa kifuani, na koti likaonekana limejaa. Nyamizi alishika ukingo wa kaunta. Kila kitu kilichokuwa ndani yake, huruma yake yote, aibu yake yote, vilimwambia amrushie kamba. Akabana midomo.

Kiitikio kilinyamaza. Kikaendelea kunyamaza. Foleni nayo ikanyamaza. Hata vitoroli nyuma ya rafu vilikuwa vimesimama.

"Enhe," kikasema kwa chini.

Baba Kalunde alishtuka kidogo, akalitazama duara. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kifungo cha kwanza cha koti. Ukabaki pale.

Sekunde kumi zilipita. Zikapita tena nyingine kama hizo. Bwana Ndimbo alikuwa mtu wa huruma, na huruma yake ilikuwa ya aina ileile ambayo Nyamizi aliijua sana. Akakitupia jicho kitabu kilichokuwa juu ya kaunta, akajiinua kitini, akatabasamu.

"Bila shaka mzee anahitaji hotuba za..."

"Bwana Ndimbo."

Ukumbi ukageuka. Nyamizi hakuangalia viatu vyake.

"Nisamehe," akasema. "Hajamaliza."

Aliendelea kumtazama mjumbe wa Baraza usoni mpaka mjumbe akarudi kitini. Kwa nyuma akahisi mkono wa Bi Mwasiti umemshika begani, mzito, umekaa hapo kama mtu anayeonyesha kilicho chake.

Bwana Ndimbo aliitazama saa yake. Namba zilikuwa bado zinakimbia. Akamtazama yule mtu mrefu mwenye koti lililopigwa pasi, anayefanya kazi ngumu kuliko zote zilizokuwa zikifanywa mjini asubuhi ile. Akakifunga kifuniko polepole, kisilie, akaitia saa mfukoni.

"Kitabu cha kobe," Baba Kalunde akasema. "Kobe aliye... aliyechelewa harusini. Cha watoto. Cha picha."

Kule nyuma kitoroli kikaanza kugonga reli. Angeweza kuishia hapo. Alikuwa amekwisha kupewa alichokitaka. Lakini mkono wake ulishuka kutoka kwenye kifungo, akasimama wima, na hakuwa anaongea na duara tena. Alikuwa anawaambia wote.

"Mama yake alipofariki, Kalunde alikuwa... alikuwa ananisomea mimi kitabu hicho. Yeye. Mtoto wa darasa la pili." Akangoja neno lililofuata, nao wakalingoja pamoja naye. "Mimi sikuwahi kumsomea hata... ukurasa. Kesho anaondoka. Nataka leo nimsomee mimi. Chote. Hata tukikesha. Na asinimalizie neno."